Nani Atamwogesha Taata?

Ugomvi wetu wa kwanza haukuwa wa dawa wala wa fedha. Tuligombana juu ya nani atamwogesha Taata, baba mkwe wangu.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa akimwogesha tangu mikono ya mzee iliposhindwa kushika sabuni. Ikafika siku wakaanguka pamoja kwenye bafu la mabati nyuma ya nyumba. Mama akaumia nyonga, mzee akachubuka bega. Mume wangu yuko mgodini Geita na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Shemeji yuko Dar es Salaam. Wifi yuko Uingereza. Hapa Kiruruma, Karagwe, tulibaki wazee wawili, watoto wa shule na mimi, na mimi ni mkwe. Nilivyolelewa, mke wa mwana hata kitanda cha baba mkwe hakalii, seuze kumvua shati.

Ukoo ukakaa. Mmoja akasema mume wangu aache kazi arudi. Mwingine akasema atafutwe kijana wa kulipwa. Mzee mmoja akasema siku hizi mambo yamebadilika, mkwe afanye tu, Mungu anaona. Waliongea mpaka chai ikapoa, na muda wote huo Taata alikuwa amekaa katikati yao kwenye kiti chake, uso hauna furaha wala hasira, macho hayapepesi. Ugonjwa wake, Parkinson, hukakamaza misuli ya uso, mtu akaonekana hasikii wala hajali. Watu wakimwona hivyo humjadili mbele yake bila hata kushusha sauti.

Kumbe alikuwa akisema kitu. Sauti yake ilikuwa imefifia mno, na aliyeisikia ni mama mkwe peke yake.

"Anasema hajafa," mama akatuambia. "Anasema aulizwe yeye."

Akaulizwa. Akamtaja mjukuu wa dada yake, kijana aliyewahi kuvuna naye kahawa, ambaye wakati huo alikuwa akiendesha bodaboda ya mtu pale Omurushaka. Hakuna kati yetu aliyekuwa amemfikiria. Kijana akaja, akapewa chumba, chakula, na mshahara ambao haukufika alichokuwa akikipata barabarani, ila haukuwa na hesabu ya kupeleka kwa tajiri kila jioni. Kwa hiyo Taata aliogeshwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Mengi niliyokuja kujifunza kuhusu kumhudumia mgonjwa wa Parkinson yalianzia kwenye kikao kile: aulizwe kwanza, halafu asubiriwe ajibu. Huko kusubiri ndiko kulikonichosha kuliko kubeba maji.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeingia kwa siri. Taata alikuwa katibu wa chama cha msingi cha kahawa kwa miaka mingi, na mwandiko wake ulisifiwa hadi kwa wakaguzi. Ukaanza kupungua. Mwanzo wa mstari herufi zinasomeka, mwisho wa mstari zimekuwa punje za ulezi. Kabla ya hapo alikuwa ameacha kunusa. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, inachacha chumba cha pili, yeye hana habari. Alikuwa akifunga choo siku nyingi. Usiku alirusha mateke usingizini mpaka mama mkwe akahamia kitanda kingine. Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo. Kisha Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko likaipiga Kagera, na miezi iliyofuata kidole gumba cha mkono wake wa kulia kikaanza kucheza chenyewe, hasa mkono ukiwa umetulia pajani. Kijiji kizima kikapata jibu: ni mshtuko wa tetemeko. Jibu hilo lilitupotezea muda mrefu kuliko mganga wa kienyeji, ambaye alichukua mbuzi mmoja tu na kututajia jirani.

Hospitalini nako tuliambiwa uzee, mara presha, mara mishipa. Mwisho tukapanda basi kwenda Bugando, Mwanza, safari ya kutwa nzima kupita Geita na kivuko cha Busisi, kwa sababu wakati huo daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lilikuwa halijaisha. Daktari hakuanza na damu wala picha ya kichwa. Alimwambia mzee agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, afumbe na kufumbua kiganja, asimame bila kushika kiti, atembee ukumbini na kugeuka. Mkono wa kulia haukupunga hata kidogo, na kugeuka kulimchukua hatua nyingi ndogondogo. Ndipo akatueleza. Kuna seli ndani kabisa ya ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia amri za mwendo zifike vizuri. Seli hizo zinakufa. Kufikia siku mkono unapoanza kutetemeka, nyingi zimeshakwisha. Ugonjwa hauambukizi, hauhusiani na jirani, na hauponi. Alitupa na jina lake, la James Parkinson, daktari wa London aliyeuandika mwaka 1817. Miaka mia mbili iliyopita! Na sisi tulikuwa tumeacha kumsalimia jirani.

Baadaye nilisoma kwamba miaka ya 2000 watafiti walipita mlango kwa mlango katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwenye wakazi zaidi ya 160,000, wakawapata wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Hai iko jirani kabisa na hospitali ya rufaa ya KCMC. Nikafikiri juu ya wazee wa Karagwe, na wa Kyerwa iliyomegwa kutoka kwetu mwaka 2012, wanaokaa barazani wakitetemeka huku familia zikisema ni umri.

Usharikani waliniomba nitoe ushuhuda. Nilisimama, nikasema Bwana asifiwe, na nikaona jinsi watu walivyojiandaa kusikia kwamba Taata kapona. Nikawaambia hajapona na hataponea hapa duniani, ila tangu tulipoipanga nyumba upya hajaanguka tena bafuni. Makofi yalikuwa machache. Mchungaji akaniuliza pembeni kama sikuwa na la kumalizia. Sikuwa nalo.

Dawa yake ni levodopa iliyochanganywa na kabidopa. Levodopa ikifika kwenye ubongo hugeuka dopamini. Kabidopa huilinda isiharibikie njiani. Wiki za mwanzo tulidhani ni muujiza. Mzee alifunga vifungo vyake, akaenda kibanjani, akakata mkungu. Lakini dawa hii haikai mwilini. Baada ya saa chache inaisha, na mtu anarudi alipokuwa: miguu inaganda, sauti inazama, kalamu inaanguka. Ukichelewesha kidonge, umemchelewesha yeye. Ukikikatiza ghafla kwa sababu kimekwisha dukani, unaweza kumuua.

Aliyenifundisha hilo kwa ukali ni wifi. Huko Uingereza anafanya kazi kwenye makazi ya wazee, na baadhi ya anaowahudumia wana Parkinson. Kila mmoja ana chumba chake, kengele ya kuita, kiti cha kuogea, na mtu anayekuja na dawa kwa saa yake. Aliniambia kwamba hata huko, hospitali zilikuwa zikichelewesha vidonge vya wagonjwa hawa, mpaka mwaka 2006 chama chao cha Parkinson's UK kikaanzisha kampeni ya kudai dawa itolewe kwa wakati. Alinitumia sauti ndefu za WhatsApp akiwa kwenye basi akitoka zamu ya usiku, nyuma yake nasikia matangazo ya vituo. "Wifi yangu, saa sita si saa sita na nusu. Nunua daftari."

Nikanunua daftari la kaunta. Tukaandika saa ya kidonge, alichokula, alivyotembea, alipoganda, choo, usingizi. Daftari ndilo lililotuonyesha tatizo la maharage. Kila siku baada ya chakula cha mchana mzee alikuwa akiganda, hata kidonge cha saa sita akiwa amekimeza. Chakula cha mchana huku kwetu ni ndizi na maharage, na protini ya maharage hugombania na levodopa njia ileile ya kupenya kutoka utumboni. Anayeshindwa ni levodopa. Tukahamishia maharage, maziwa na nyama jioni. Mchana ndizi kwa mboga za majani na nyanya chungu. Kidonge nusu saa kabla ya kula. Taata alinuna wiki nzima. Mtu aliyezaliwa Karagwe, analima maharage, halafu anaambiwa ale ndizi bila maharage mchana? Ila alianza kutembea mwenyewe hadi kwenye uanio wa kahawa alasiri, na akaacha kunung'unika, au labda alinung'unika kwa sauti ambayo sikuisikia.

Kuna siku alitapika sana, tukampeleka zahanati moja. Akachomwa sindano ya metoklopramidi kuzuia kutapika, dawa ya kawaida kabisa kwa mtu mwingine. Kwa mgonjwa wa Parkinson huzuia ileile dopamini anayoihangaikia. Kufikia usiku alikuwa amekakamaa, mate yanamtiririka, hawezi kumeza, na ilichukua siku kadhaa kurudi. Muuguzi hakuwa mtu mbaya. Hakuwa amewahi kufundishwa. Sasa jalada la daftari lina majina mawili kwa wino mwekundu, metoklopramidi na haloperidoli, na daftari linatangulia popote mzee anapokwenda. Nimeona wauguzi wakilipiga picha kwa simu zao.

Nyumba nayo ilibidi ibadilike. Sikujua kwamba mlango unaweza kumtisha mtu mpaka nilipomwona Taata akifika kizingitini na miguu ikagoma, kifua kinasonga mbele, nyayo zimeshikwa chini. Ukimsukuma anaanguka. Ukimfokea inazidi. Kijana wetu ndiye aliyegundua dawa, kabla hata wifi hajatuma sauti: anatanguliza mguu wake kwa upande mbele ya mguu wa mzee, na mzee anauvuka. Akishavuka mmoja, mwendo unafunguka. Tukachora mistari ya chokaa sakafuni kuanzia chumbani hadi sebuleni, hatua moja baina ya mstari na mstari, naye anakanyaga mstari kwa mstari. Pasipo mistari tunahesabu, au mama mkwe anaanzisha wimbo wa kuandamia. Wageni hudhani tumeokoka kupita kiasi.

Fundi seremala alitengeneza kiti chenye tundu, tukakiweka juu ya shimo la choo, kwa sababu kuchuchumaa kulishamshinda. Pembeni tukasimamisha nguzo za mkaratusi za kushika, na nyingine bafuni, ambako sasa kuna benchi. Kiti chake cha sebuleni tuliinua miguu kwa vipande vya mbao, maana kiti kifupi kwake ni shimo. Kandambili tulizitupa, akavaa viatu vyenye mkanda. Juu ya godoro, sehemu ya kiuno, tulitandika kitambaa laini kinachoteleza, ili aweze kujigeuza usiku. Akiamka hakurupuki: anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, maana presha yake hushuka akisimama ghafla. Maji matupu yalikuwa yakimpalia, basi anakunywa uji mzito, amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo wakati wa kumeza. Rubisi aliendelea nayo muda mrefu kwa kibuyu na mrija, kibuyu kikiwa katikati ya magoti hakimwagiki, na heshima yake mbele ya wazee wenzake ikabaki. Siku hizi hanywi. Daktari hakukataza kabisa. Aliyekataza ni mama mkwe.

Kuoga, anaanza mwenyewe. Kijana anasimama nyuma ya bega. Mimi nachemsha maji, nayaacha mlangoni, naondoka. Vifungo vya shati anavifunga mwenyewe. Nachambua maharage yote ya jioni ndipo anamaliza. Wajukuu walikuwa wakimrukia kumsaidia. Tukawazuia. Alichoweza kukifanya leo kikifanywa na mwingine kila siku, mwezi ujao hatakiweza.

Sasa fedha. Vidonge havikuwapo kwenye vituo vya karibu tulivyokwenda. Dirisha la wazee lipo, na kitambulisho cha mzee tunacho, lakini dawa hii haikuwa dirishani. Tuliinunua Mwanza ikaja kwa basi kama kifurushi. Mwaka mmoja tulikaribia kuuza kahawa kwa butura, ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa. Kisheria ni marufuku, na kila mtu Karagwe anajua nani ananunua. Mama mkwe alisema mume wake alitumia ukatibu wake wote kuwakataza watu butura, haitafanyika nyumbani mwake akiwa hai. Jirani naye, yuleyule wa mganga, akaleta mbegu za upupu, amesikia zinatibu. Nilidhani anatania. Kumbe mbegu za upupu zina levodopa kweli, na wanasayansi wamezijaribu kwa wagonjwa. Daktari alitukataza kuzichanganya na vidonge, kwa kuwa hatuwezi kujua kila mbegu ina kiasi gani. Jirani tulimshukuru, na salamu zikarudi.

Ndipo nikafanya jambo lililowashtua ukweni. Nilikuwa na cherehani yangu Omurushaka, nashona sare za shule. Niliifunga Taata alipozidiwa, na hakuna aliyesema neno, kwa sababu mwanamke akiacha kazi kuhudumia mgonjwa huwa haihesabiwi kwamba kuna kitu kimeachwa. Wanawe walikuwa wakigawana gharama kwenye kundi la WhatsApp: wifi dawa, shemeji mshahara wa kijana, mume wangu chakula na safari. Nikaandika pale kwamba na mimi nina mchango, nikaweka na kiasi nilichokuwa nikipata kwa kushona. Kundi likanyamaza siku mbili. Shemeji akapendekeza Taata apelekwe Kiilima, Bukoba, kwenye makazi ya wazee ya serikali. Wifi akamjibu kabla yangu: makazi yale ni ya wazee wasio na mtu, "na wewe kaka unataka kuandikisha kwamba baba hana mtu?" Halafu akasema kazi ninayofanya ndiyo analipwa yeye huko kwa saa. Tangu hapo wananitumia kitu kila mwezi, na siku mbili kwa wiki mama mdogo wa mume wangu anakuja kushika zamu, nami nafungua cherehani. Nasema wazi: bila siku zile mbili ningekuwa nimekimbia.

Zanzibar, tangu mwaka 2016, mzee akifika miaka 70 analipwa pensheni hata kama hakuwahi kuajiriwa. Huku bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, na pensheni ya wazee wote tunaisubiri. Ingekuja, sehemu ya mshahara wa kijana ingetoka kwa Taata mwenyewe, na najua angependa iwe hivyo.

Ugonjwa unaendelea. Mwaka huu mzee ameanza kuona watu wasiokuwapo. Wanachama wa chama cha msingi wanakuja sebuleni jioni na magunia yao, wengine wamekufa zamani, wanasubiri kupimiwa kahawa. Mara ya kwanza mama mkwe alilia na kukemea mapepo. Daktari akasema hutokea, wakati mwingine ni ugonjwa, wakati mwingine ni dawa yenyewe, akapunguza kidonge cha usiku. Wageni wamepungua, hawajaisha. Kijana wetu habishani nao. Anamwambia mzee, "Taata, nimewaambia mizani imeharibika, waje kesho," na mzee anatikisa kichwa kwa uzito wa katibu, anakubali kwenda kulala.

Shemeji alikuja Krismasi na familia yake. Siku ya kwanza alitazama mistari ya chokaa, daftari, kengele ya baiskeli tuliyofunga kitandani, akasema tunamdekeza mzee, ndiyo maana hachangamki. Sikubishana. Nilimpa zamu ya usiku: kumgeuza, kumshikia chombo cha mkojo, na kidonge cha saa kumi na mbili alfajiri, si dakika kumi baadaye. Asubuhi ya pili nilimkuta jikoni, macho mekundu, ameinamia daftari anaandika: saa tisa amegeuzwa, saa kumi na robo amegeuzwa tena, saa kumi na mbili amemeza. Akaniuliza zamu ya usiku unaofuata ni ya nani. Nikamwambia ni yake, mpaka Jumapili.